Ujamaa Hauhitaji Kiboko
Wapo wanafikra wachache duniani wanaoshikilia mambo mawili ambayo wengi huona hayapatani: mali iwe ya wote, na pasiwe na dola ya kumwamuru mtu. Sisi wa Arusha tusiwabeze. Wakati chama tawala cha TANU kikipitisha Azimio la Arusha mjini kwetu Januari 1967, tayari kulikuwa na Watanzania waliokuwa wakiishi ujamaa kwa hiari yao. Vijana waliokuwa wameanzisha kijiji cha Litowa, Songea, mwanzoni mwa miaka ya 1960 waliunda Chama cha Maendeleo Ruvuma, kikafikia vijiji 17 vilivyolima pamoja na kuamua mambo yao katika mikutano yao wenyewe. Mwalimu Nyerere aliwaona kuwa mfano, lakini Septemba 1969 uongozi wa TANU ukakivunja chama hicho. Miaka michache baadaye mamilioni walihamishiwa vijijini, wengi kwa nguvu, na kilimo cha pamoja kikadorora. Hata hapa kwetu, wakulima wa miteremko ya Mlima Meru walichimba mifereji na kugawana maji kwa taratibu zao tangu kabla ya ukoloni. Viongozi wetu, ushirika wa kweli hauzaliwi kwa amri. Waacheni wananchi waujenge wenyewe.