GURUDUMU LIKING'OKA, NANI ALIPE?

Ndugu wafanya kazi wa gereji,

Iko kazi moja ambayo yazidi kuletwa mikononi mwetu, nasi twaona ni wajibu kuisema hapa wazi, maana imekwisha kuwatia ndugu zetu hasarani. Ni kazi ya kubadili mpango wa bolti za magurudumu katika gari la zamani, ili lipate kuvaa rimu za gari lingine.

Sababu yake twaijua. Chukueni Toyota Corolla KE70, ile ya mwanzo wa miaka ya 1980. Magurudumu yake hufungwa kwa bolti 4 zilizopangwa katika duara la milimita 114.3, yaani inchi 4 na nusu. Corolla zilizofuata, zile zinazovutwa na magurudumu ya mbele, zilikuja na bolti 4 katika duara la milimita 100, na za karibuni zina bolti 5. Rimu za duara la 100 ni nyingi kwa wauza vipuri, lakini zile za zamani za inchi 13 zatafutwa kwa taa. Basi mwenye gari huleta rimu zake, akasema, "Fundi, livishe gari langu hizi."

Sisi hatusemi kwamba kazi hii haifai kabisa. Hata viwanda vimebadili mipango yao. Volkswagen ile ya mgongo wa kobe ilikuwa na bolti 5 katika duara la milimita 205, na mwishoni mwa miaka ya 1960 ikapewa bolti 4 katika duara la 130. Lakini angalieni vizuri: kiwanda hakikuchukua ngoma za breki za zamani kikazitoboa matundu mapya. Kilitengeneza ngoma nyingine. Hiyo ndiyo njia ya haki: kubadili kitovu kizima, au ngoma, au ekseli, kwa kipuri kilichotengenezwa kwa duara unalolitaka na kinachokaa sawasawa katika gari hilo.

Njia hiyo yataka fedha na siku. Kwa hiyo wakubwa wa gereji wapenda njia za mkato, nazo ni tatu.

Ya kwanza ni kutoboa upya. Hapa hesabu yenyewe yatuonya. Nusu ya 114.3 ni 57.15, na nusu ya 100 ni 50. Tofauti ni milimita 7 na kidogo, hali tundu lenyewe ni milimita 12 au zaidi. Ukitoboa kando ya tundu la zamani, matundu mawili yataingiliana. Lazima uyazungushe, uyaweke katikati ya yale ya kwanza, na huko pengine hapana chuma cha kutosha. Tena kazi hiyo yataka mashine ya karakana yenye vipimo halisi. Gereji nyingi zina keekee ya mkono tu.

Ya pili ni kuweka sahani ya chuma au alumini kati ya kitovu na rimu, yenye bolti za aina mbili. Ziko sahani zilizotengenezwa vizuri. Lakini nyingi tunazopewa hazina jina la mtengenezaji, wala hatujui ni madini gani. Sahani hiyo husukuma gurudumu nje, bering ikabeba mzigo ambao haikuundiwa.

Ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote: kulazimisha. Rimu ya duara la 112 hukaribia kuingia katika bolti za 114.3, na mtu huona kwamba milimita 2 si kitu. Bolti hupinda kidogo, nati haikai katika kiti chake, na baada ya safari chache hulegea. Vivyo hivyo nati ya Toyota na ya Nissan ni za unene mmoja, milimita 12, lakini nyuzi zake si sawa: moja ni 1.5 na nyingine ni 1.25. Ukizikaza kwa nguvu utakula nyuzi, na hutajua mpaka gari liwe barabarani.

Sasa sikilizeni lililompata mwenzetu katika gereji moja ambayo hatuitaji. Nyapara alimwamuru atoboe ngoma za nyuma. Akajibu kwamba chuma hakitoshi. Akaambiwa, "Wewe toboa, si gari lako." Akatoboa. Haikupita wiki mbili gurudumu likang'oka, gari likagonga ukingo wa barabara. Twamshukuru Mungu hakufa mtu. Mwisho wa mwezi fedha za kutengeneza gari zilikatwa katika mshahara wa fundi, na mwezi uliofuata akaambiwa hakuna kazi. Nyapara hakukatwa hata senti. Wazee walisema kweli, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Ndugu, jueni sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika, lakini ni pale tu ambapo mfanya kazi ameiharibu kwa makusudi. Mtu aliyetii amri baada ya kuonya hakukusudia uharibifu. Tena kifungu cha 41 chasema kwamba mwajiri anayetaka kumwondoa mtu kwa kosa lazima kwanza amweleze sababu na kumsikiliza, na mfanya kazi ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazi au mwakilishi wa chama aliyemchagua. Mwenzetu hakuyajua hayo, akaingia ofisini peke yake.

Lakini tuseme kweli yote: sisi nasi tuna makosa. Wako kati yetu wanaoificha kazi kama hii kwa ajili ya bakshishi ya mwenye gari, na wako wanaokaza nati kwa kusimama juu ya spana, kisha wasimwambie dereva arudi baada ya kilomita 50 au 100 zikaangaliwe tena. Chama hakiwezi kumtetea mtu aliyefanya kazi ya kujificha.

Basi twataka mambo manne. Kila kazi ya kubadili bolti iandikwe katika karatasi ya kazi, na aliyeiamuru atie sahihi. Fundi akisema kipuri ni hatari, neno lake liandikwe, naye asilazimishwe. Kila gereji iwe na spana ya kupimia nguvu ya kukaza, si ya kukisia kwa mkono. Na saa za kupima na kukagua zilipwe kama saa za kazi, kwa kuwa ni kazi.

Mpaka tuyapate hayo, usikubali amri ya mdomo tupu. Omba karatasi. Ukinyimwa, mwite mwakilishi wa chama kabla hujashika keekee, si baada ya gurudumu kung'oka.

Umoja ni nguvu.