Riwaya yako itakuwa wapi simu ikiibwa leo?

Wewe unayeandika riwaya usiku kwa simu, bando likikaribia kuisha, leo naongea na wewe.

Najua umeshinda wiki mbili ukisaka programu bora ya kuandikia. Umetazama video, umeuliza marafiki, umepakua tatu na kufuta mbili. Sura ya kwanza bado iko na aya nne. Nimepitia hapo. Kusaka programu kuna utamu wake: unajiona uko kazini, na hakuna sentensi hata moja umeandika.

Msimamo wangu ni huu. Programu inayokufaa si lazima iwe ile yenye vifaa vingi. Ni ile inayofunguka kwa simu au tarakilishi uliyo nayo sasa hivi, inayokuruhusu kutoa maandishi yako wakati wowote, na ambayo haizikwi pamoja na simu yako.

Hilo la mwisho nililijua kwa uchungu. Nilikuwa nimefika sura ya tisa. Nilitumia ile programu ya vidokezo inayokuja na simu, kwa sababu ilifunguka haraka nikiwa kwa matatu. Jioni moja pale Roysambu, dirisha likiwa wazi, mkono uliingia na kutoka na simu. Simu nilinunua nyingine baada ya miezi mitatu. Sura tisa sijazipata hadi leo. Nimeandika upya nne. Katika zile za kwanza, mhusika wangu mkuu alifanya mzaha fulani kwenye matanga ya babake, na waombolezaji wakacheka. Nakumbuka walicheka. Mzaha wenyewe siukumbuki.

Sote tumesimuliwa jinsi Ngũgĩ wa Thiong'o alivyoandika Caitaani Mũtharaba-inĩ kwenye karatasi za choo akiwa kizuizini Kamiti mwaka 1978. Kisa hicho huletwa ili tuone aibu: mwenzako hakuwa hata na daftari, wewe na simu yako unalia nini? Lakini kuna sehemu tunairuka. Askari jela walipopekua seli yake waliuchukua mswada huo, na ukarudishwa baadaye. Fikiria kama haungerudishwa. Karatasi ya choo ilitosha kuandikia riwaya nzima. Hatari ilikuwa kwamba kazi yote ilikuwa mahali pamoja.

Sasa tuje kwa programu zenyewe.

Scrivener ndiyo utasikia ikisifiwa sana na waandishi wa ng'ambo, na sifa hizo si za bure. Inakuwezesha kugawa riwaya katika vipande, kuvihamisha huku na kule, na kuweka utafiti wako kando ya sura. Unailipia mara moja, takriban dola 60 za Marekani, ambazo ni zaidi ya Sh7,000. Muda wa kuijaribu bure ni siku 30 za matumizi. Siku ambayo hujaifungua haihesabiwi. Lakini inatumika kwa Mac, Windows, iPhone na iPad pekee. Kama uko na Android na huna tarakilishi, achana nayo kwa sasa bila kujilaumu.

Kama uko na laptopu ya Windows na mfuko umetoboka, kuna yWriter. Ni ya bure, na iliundwa na Simon Haynes, mwandishi wa riwaya wa Australia ambaye pia ni mtaalamu wa programu. Nayo hugawa kazi kwa sura na matukio. Kuna pia LibreOffice, ya bure vilevile, ambayo inaweza kuhifadhi faili katika muundo wa Word. Usidharau jambo hilo. Mhariri au mchapishaji atakayekuomba mswada, mara nyingi atataka faili ya Word, hatajali uliuandikia wapi.

Na kama uko na simu tu? Google Docs itakutosha. Inaandika hata bila bando, mradi uwe umewasha sehemu hiyo mapema. Tumia mtindo wa kichwa kwa kila sura, ndipo upate orodha ya kukurusha moja kwa moja hadi sura unayotaka. Ukiona faili imekuwa nzito, weka kila sura kivyake. Jihadhari na kitu kimoja: nafasi ya bure ni GB 15, na inagawanywa na barua pepe na picha zako. Ikijaa, unaweza kuzuiwa kuhariri. Video za harusi ya binamu zisije zikafungia riwaya yako mlango.

Kuhusu programu za kulipia kila mwezi, uliza swali moja kabla ya kutoa pesa: mwezi nitakaokosa kulipa, riwaya yangu itakuwaje? Microsoft 365 kwa tarakilishi, kwa mfano, usajili ukiisha unaweza kusoma faili zako lakini huwezi kuzihariri. Kwa mtu mwenye mshahara hilo ni usumbufu mdogo. Kwa sisi wa kibarua cha leo na kesho, ni sura kukwama katikati.

Sisi tunaoandika kwa Kiswahili tuko na mzigo wa ziada. Simu inaona "hapo" inaandika "happy". Zima hiyo kitu ya kurekebisha maneno, au uongeze Kiswahili kwenye kibodi yako. LibreOffice iko na kamusi ya Kiswahili ya kukagua tahajia, kwa hivyo ukurasa wako hautajaa mistari myekundu kana kwamba lugha yako ni makosa. Hata George R.R. Martin, mwenye vitabu vilivyozaa Game of Thrones, alieleza mwaka 2014 kwamba anaandikia WordStar 4.0, programu ya miaka ya 1980, na kwamba hapendi mitambo inayojifanya kumsahihisha. Angeweza kununua programu yoyote duniani.

Kuna atakayeniambia kwamba riwaya ya maneno 80,000 inahitaji mpangilio, na programu nzuri husaidia. Ni kweli. Lakini shida hiyo ni ya mtu mwenye maneno 80,000. Ukifika huko utajua ni nini hasa kinakusumbua, na utachagua ukijua unachotafuta. Ukiwa na aya nne, unatafuta dawa ya ugonjwa ambao bado hujaupata.

Kwa hivyo leo usipakue kitu kipya. Fungua ulichoandika, hata kama ni kurasa tatu. Jitumie kwa barua pepe. Weka nakala nyingine kwa flashi, au umtumie rafiki unayemwamini, kisha ufanye hivyo kila Jumapili. Ikiwa unaandika kwa daftari, piga kurasa picha uzitume vilevile.

Ukimaliza, rudi kwa aya ya tano. Na ukiwa kwa matatu, funga dirisha.