Afya Nyumbani: Andikeni Saa ya Kuumwa

Yako maumivu ya kichwa yasiyofanana na mengine. Hayaji polepole kama ya homa. Huja kwa ghafula kama radi, na kwa muda wa dakika moja tu yamefika upeo wake. Mgonjwa hutapika, shingo hukakamaa, pengine huzimia. Kule Mubi, kama popote penye mbu wengi, ni rahisi kusema, "Ni malaria." Lakini yawezekana mshipa umepasuka, na damu imeuzunguka ubongo. Mara nyingi mshipa huo ulikuwa umevimba mahali pamoja kama puto dogo, mwenyewe asijue.

Daktari atataka picha. Picha ipi? Shauri hilo lategemea saa.

Ya kwanza ni skana, mashine ipigayo kichwa mionzi toka pande zote. Afrika nayo ina sehemu yake humo: Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alianza kuifikiria kazi hiyo huko Cape Town mwaka 1956. Godfrey Hounsfield aliitengeneza mashine yenyewe Uingereza, na mgonjwa wa kwanza alipigwa picha mwaka 1971. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Katika picha hiyo damu mbichi huonekana nyeupe. Katika saa 6 za kwanza, mashine nzuri na daktari hodari ni nadra sana kuikosa. Lakini damu hufifia siku kwa siku; likipita juma moja, karibu nusu ya wagonjwa picha yao haionyeshi kitu.

Basi picha safi ya siku ya tano si neno la mwisho. Daktari hutoa kwa sindano maji ya uti wa mgongo. Zikiisha kupita saa 12 tangu kuumwa, damu huwa imeyatia maji hayo rangi ya manjano. Mashine ya sumaku nayo yaweza kuona damu ya siku zilizopita. Damu ikijulikana, hutakiwa picha ya mishipa, kwa dawa itiwayo mwilini, ili papatikane mahali palipopasuka; maana pasipozibwa paweza kupasuka tena, hasa katika siku ile ya kwanza.

Toka Mubi hata Goma si mwendo mdogo: kwanza Walikale, kisha misitu na milima ya Masisi, na mvua na vita hufunga njia. Mgonjwa aweza kufika baada ya siku nyingi, wala hawezi tena kusema. Kwa hiyo ninyi mlio naye, na ninyi wanafunzi mjuao kalamu, andikeni katika karatasi ya muuguzi siku na saa maumivu yalipoanza, mkitaja kama ni asubuhi au usiku. Msimpe aspirini, maana huzuia damu kuganda. Kipimo kikionyesha malaria, atibiwe; hata hivyo msiache kusema kwamba kichwa kilimshika kwa ghafula. Kwa mstari huo mmoja daktari atajua picha ipi aiamini, na ipi aitilie shaka.