Sanduku Kabla ya Chatu

KANDO YA LUKUGA
Na Mwana-Lukuga

Juma hili, katika kartie ya Kitali, nimeonyeshwa chatu ndani ya beseni. Beseni la plastiki la buluu, lile ambalo mama zetu wanauzia ndagala sokoni. Juu yake limefunikwa beseni la pili, na juu ya la pili pamewekwa jiwe. Mwenye nyoka ni kijana dereva wa pikipiki, mtoto mwenye adabu. Alimkuta kwenye matete ya Lukuga akamleta nyumbani, badala ya kumponda kichwa kama wengi tunavyofanya. Kwa hilo nampongeza. Lakini nilipomwuliza nyoka analala wapi usiku, alinyoosha kidole kwenye beseni lile lile. "Papa, usiogope, angali mutoto."

Damu ikanichemka. Chatu alikuwa na urefu wa mkono wangu na unene wa kidole gumba. Tukiwa tunaongea, alipandisha pua ukingoni, akapapasa kwa ulimi, akaitafuta sehemu ambapo mabeseni mawili hayakukutana vizuri, akasukuma. Jiwe halikuanguka, ila beseni la juu lilisogea, nikaliona kwa macho yangu. Na nyuma ya ukuta ule wa udongo pametandikwa mikeka, na kwenye mikeka wanalala watoto wa jirani.

Huo utoto wa chatu ndio hatari yenyewe. Kichwa cha nyoka kikipita, mwili wote unafuata, na kichwa cha mtoto ni kidogo. Mkubwa atatafuta mlango. Mdogo anatosheka na ufa. Tena usiku, mwenye nyumba anapokoroma, ndio saa yake ya kutembea.

Najua wasomaji wangu ambao hadi leo wananisimamisha barabarani kuniuliza kama mbuzi wa Kataki, wale niliowaandika hapa zamani, wamefungwa, watasema sasa nimehamia kwa nyoka. Nimehamia, na neno langu ni lile lile: mfugaji ndiye mfungaji.

Maseremala tunao. Chatu achongewe sanduku la mbao laini, lisilo na ufa wala kona iliyoachia, mbele liwe na kioo kinachoteleza kwenye mfereji wake, na kioo kitiwe kufuli. Kifuniko cha kuwekewa jiwe hakifai, kwa sababu nyoka husukuma kwa nguvu za mwili mzima. Matundu ya hewa yatobolewe mengi, kila moja dogo kuliko kichwa chake. Waya wa kuku kijana asiuguse: chatu mdogo anapenya, na asipopenya anasugua pua mpaka inachubuka. Sanduku lisiwe kubwa mno, maana chatu mchanga akiwekwa mahali papana pasipo na maficho anaingiwa na hofu na kukataa chakula. Ndani aweke bakuli zito la maji na kitu cha kujifichia. Upande mmoja uwe na joto kuliko mwingine, ila sanduku lisianikwe juani, kwa kuwa litamuua kabla ya adhuhuri. Balbu isiwekwe mahali anapoweza kujizungushia, ataungua.

Na asidhani hapo amemaliza. Chatu wa Afrika huanguliwa akiwa na kama nusu mita. Akila vizuri, baada ya miaka michache anapita mita 3, na wako waliopita 5. Kila akikua ni mbao mpya, kioo kipya, kufuli jipya.

Anayeona natia chumvi asome habari za Campbellton, nchini Kanada. Agosti 2013, chatu wa jamii hii hii alitoka kizimbani ndani ya nyumba ya watu, akapita kwenye bomba la hewa, akaanguka katika chumba walimolala watoto wawili wa kiume, mmoja wa miaka 4, mwingine wa 6. Asubuhi walikutwa wamekufa. Tundu la hewa lilikuwa halina kifuniko. Tundu moja tu!

Hapa kwetu, sababu ya mambo haya ni simu. Kijana anamkamata nyoka, anajipiga video naye shingoni, anawatumia rafiki zake, na sifa zikianza kumiminika nani atakumbuka seremala? Mwingine kesho atamwiga, na huyo hatajua kumtofautisha mtoto wa chatu na moma, ambaye naye ana madoa, naye ni mnene na mpole wa kutazama, ila jino lake lina sumu. Wavuvi wetu wana akili zaidi. Nyoka wa maji wa ziwa letu, ndugu wa swila, akinaswa wavuni, hakuna anayemvaa shingoni.

Basi kijana wangu, una njia mbili. Tengeneza sanduku lenye kufuli juma hili, au mrudishe kwenye matete, mbali na nyumba za watu. Usimwuze kwa wasafiri wa Kigoma: chatu yumo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, kumvusha mpaka kunataka kibali. Ukikwama, waulize watu wa ICCN, wanyama wa pori ndio kazi yao.

Asiye na pesa za mbao, kioo na kufuli hafugi chatu. Anamfugia jirani msiba.