Sakhr, Kompyuta Ambayo Hatukuinunua

Yapo majonzi ambayo aghalabu huchekwa: kukitamani chombo cha zamani ambacho mtu hakupata kukimiliki. Aliyeuza redio ya marehemu baba yake kisha akaijutia, huyo anaeleweka. Lakini sisi tunaojikuta usiku tukitafuta picha za mashine zilizotengenezwa kabla hatujazaliwa, tunalilia nini?

Kwa upande wetu mashine hiyo ni Sakhr. Wenye jamaa zao Ghuba katika miaka ya 1980 huenda wakaikumbuka. Mwaka 1983 makampuni kadhaa, mengi yao ya Japani, yalikubaliana juu ya muundo mmoja wa kompyuta ya nyumbani ulioitwa MSX, ili programu ya mashine moja iweze kufanya kazi katika mashine ya kampuni nyingine. Mfanyabiashara wa Kuwait, Mohammed al-Sharekh, aliyekuwa ameanzisha kampuni yake mwaka mmoja kabla, akauchukua muundo huo na kuufundisha Kiarabu.

Hiyo haikuwa kazi ndogo. Herufi ya Kiarabu hubadilika umbo kwa kadiri ya jirani zake. Ayn ya mwanzo wa neno si ayn ya katikati, wala ya mwisho, wala ile iliyosimama pweke. Na maandishi yote huanzia kulia. Mtoto aliyekaa chuoni na ubao wake analijua hilo kabla hajaimaliza Juzuu Amma. Mashine nayo ilibidi ifundishwe yale yale, na nyingi za aina hiyo zilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 64 tu. Simu yenye gigabaiti 4 inazo zaidi ya mara 60,000 ya hizo, nasi twaitumia kutumiana picha za maua kila Ijumaa.

Sakhr iliunganishwa na televisheni ya sebuleni. Programu nyingine ziliingia kwa kanda ya kaseti, kama zile za mawaidha, ikipiga mluzi kwa dakika kadhaa kabla kioo hakijaonyesha chochote. Kampuni ilitoa programu za Qur'ani Tukufu, na baadaye za vitabu tisa vya Hadithi. Uvamizi wa Kuwait wa Agosti 1990 ukaihamishia Misri. Al-Sharekh alitunukiwa Tuzo ya Mfalme Faisal ya Kuutumikia Uislamu mwaka 2021, akafariki mwaka 2024.

Sisi tuliiona kwa macho yetu katika miaka ya 1990, ikiwa imeshapitwa na wakati, nyumbani kwa jirani aliyerejea kutoka Muscat. Tuliruhusiwa kutazama, si kugusa. Hatukumwambia mzee wetu. Mtoto wa mwenye duka dogo hujua mapema ni maombi gani yasiyofaa kufika mdomoni.

Leo zipo programu zinazoiga MSX ndani ya kompyuta ya kawaida, bila malipo. Tumeijaribu mojawapo. Ilifanya kazi barabara, na baada ya nusu saa tukaifunga. Kumbe herufi katika kioo hazikuwa haja yetu. Tulitaka tuombe, na mzee aitikie. Mzee hayupo tena, Allah amrehemu.

Mwezi uliopita binamu yetu aliyeko Muscat alituarifu kwamba amepata Sakhr moja inauzwa. Bei yake pamoja na usafirishaji ingelipa karo ya muhula mzima ya mwanetu mkubwa, tena kapasita za umri huo hukauka. Huenda isingewaka kabisa. Mama watoto alitusikiliza hadi mwisho, maelezo ya ayn yakiwemo, kisha akauliza swali moja: itafanya kazi gani humu ndani? Tulitafuta jibu kwa siku mbili.

Tukamwandikia binamu aiache, ila atupigie picha ya kibodi. Picha imefika. Herufi za Kiarabu zimepangwa pamoja na za Kilatini, plastiki imegeuka manjano kama meno ya mvuta tumbaku, na kibonye cha alif kimefutika karibu chote. Kuna mtoto huko aliyeruhusiwa kugusa.