Pomboo wa Kisite Wanakimbizwa na Nani?

Juzi nilipanda boti Shimoni pamoja na wageni, tukielekea Kisite. Mbele ya Wasini pomboo wakaibuka. Mara boti tano zikawazunguka, mashine zikinguruma. Wakapiga mbizi, hatukuwaona tena. Manahodha ni vijana wetu, na siwalaumu sana: mgeni asiyeona pomboo hatoi bakshishi.

Lakini hesabu yetu iko wapi? Tangu miaka ya 1970 Kisite, kilomita 28 za mraba, haivuliwi kabisa. Ndani ya hifadhi mvuvi amebakiwa na Mpunguti, kilomita 11 tu, kwa zana za kienyeji. Wazee wetu waliyaacha maji yale, na kilichokuja badala yake ni utalii. Ada ya kuingia yaenda KWS. Kijiji chala kwa boti, kwa chakula cha mchana, na kwa ile njia ya mbao ya akina mama wa Wasini kwenye matumbawe.

Kabla kaskazi haijaleta wageni wengi, wenye boti waketi na KWS wakubaliane: kundi moja la pomboo, boti mbili, mashine polepole. Wengine wangoje zamu kwa mbali.