Uwanja wa Tabora usisubiri mechi

MFANYABIASHARA wa mchele anayetoka Choma, wilayani Igunga, kwenda Tabora mjini kuwahi wateja wa siku ya mechi kubwa hutoa fedha kabla hajauza hata kilo moja. Analipa nauli, analipa mzigo, analipa pa kulala, na akifika anaanza kutafuta mahali pa kutandika. Yote hayo anayafanya kwa kutegemea ratiba ya ligi, kitu ambacho hana sauti nacho.

Wapenzi wa soka wana neno lao kwa mechi iliyoahirishwa: kiporo. Kwa bodi ya ligi, kiporo hupangiwa tarehe nyingine na mambo yanaendelea. Kwa mama lishe aliyekwisha kupika sufuria mbili za pilau, kiporo ni kiporo kweli. Machi 8, 2025, mechi ya Simba na Yanga iliyokuwa ichezwe Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, iliahirishwa siku ile ile, ikaja kuchezwa Juni 25. Klabu zilitoa malalamiko yao na yakasikika nchi nzima. Muuza mishikaki aliyeamka alfajiri kununua nyama hakuwa na pa kulalamikia.

Lakini kuilaumu ratiba peke yake ni kuliacha tatizo lenyewe. Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi mjini Tabora, kama vilivyo viwanja vingi vya mikoani, huishi kwa kutegemea mechi. Ligi Kuu yenye timu 16 humpa kila mwenyeji mechi 15 za nyumbani kwa msimu mzima. Mkulima gani angenunua trekta la kulima siku 15 kwa mwaka, kisha akaliegesha?

Na hizo 15 nazo hazina uhakika. Rhino Rangers ya Tabora ilicheza Ligi Kuu msimu mmoja tu, wa 2013/14, ikashuka. Mkoa ukakaa hadi mwaka 2023 ndipo Kitayosce ilipopanda, ikaitwa Tabora United, na mwaka 2025 jina likabadilishwa tena kuwa TRA United. Timu hupanda, hushuka, hubadili mwenye mali na hata jina. Uwanja haupandi basi kuhamia mkoa mwingine. Kwa hiyo mchuuzi anayejifunga na timu badala ya uwanja anajenga kibanda chake juu ya mchanga, ila hana njia nyingine kwa sababu uwanja haujampa.

Wapo walioliona tatizo hilo mapema. Huko Uholanzi, mji wa Arnhem ulifungua mwaka 1998 uwanja uitwao GelreDome, wenye paa linalofungwa na kufunguliwa. Ajabu yake kubwa si paa bali nyasi. Eneo lote la kuchezea limepandwa kwenye kitu mfano wa sinia kubwa, ambalo husukumwa kwa mitambo mpaka nje ya jengo. Nyasi zikiwa nje zinapata jua na mvua, na ndani panabaki sakafu ngumu inayoweza kubeba jukwaa la muziki na maelfu ya watu wanaoruka. Amsterdam, waliofungua uwanja wao miaka miwili kabla, hawakuwa na ujanja huo, na miaka ya mwanzo walilazimika kubadili nyasi mara kwa mara kwa kuwa jua halikuzifikia vya kutosha.

Timu ya Arnhem, Vitesse, imepata misukosuko mikubwa. Mwaka 2024 ilikatwa pointi 18 kwa kukiuka masharti ya leseni, ikashuka daraja. Uwanja uliendelea kupokea wanamuziki. Hiyo ndiyo faida ya kutokuwa na mteja mmoja.

Hakuna anayeitaka Tabora ijenge paa au sinia la kusukuma. Gharama yake ni ya nchi nyingine. Kinachoweza kuigwa ni hesabu yao kwamba siku isiyo na mechi nayo ni mali, na kwamba nyasi zina gharama inayopaswa kulipwa na anayezikanyaga. Muziki na soka si wageni kwa Watanzania. Simba Day na Wiki ya Mwananchi huchanganya vyote viwili. Ila nyasi zikiachwa bila matunzo, hasara huja. Mei 2025 fainali ya pili ya Kombe la Shirikisho Afrika kati ya Simba na RS Berkane ilihamishiwa Uwanja wa Amaan, Zanzibar, kwa sababu eneo la kuchezea la Mkapa halikuwa katika hali nzuri. Wauzaji wa Temeke wakapoteza siku ambayo wangeuza sana.

Tabora ilikuwa na utaratibu bora zaidi ya huu enzi za misafara. Wapagazi wengi walisafiri kiangazi na kurudi mashambani mvua zilipokaribia, hivyo mkulima wa Unyanyembe aliyewauzia chakula alijua majira ya wageni wake. Hata leo Nanenane inapendwa na wachuuzi kwa sababu hiyo hiyo: kila mtu anajua ni mwanzoni mwa Agosti, na mzigo unaandaliwa kwa tarehe.

Uwanja wa Mwinyi uko mikononi mwa CCM, na mjadala wa nani hasa mwenye haki na viwanja vilivyojengwa kwa michango ya wananchi wakati wa chama kimoja ni mrefu. Usingojewe umalizike. Anayeshika funguo leo, kwa kushirikiana na Halmashauri ya Manispaa, anaweza kubandika kila Juni kalenda ya mwaka mzima: matamasha, mikutano ya dini, mashindano ya shule, maonyesho ya mbegu na zana nje ya eneo la nyasi. Mwandaaji wa tamasha aweke dhamana ya kurekebisha nyasi kabla jukwaa halijapandishwa, na jukwaa lenyewe likae nje ya mistari.

Upande wa wachuuzi, ushuru wa meza ujulikane mapema na utolewe stakabadhi, na sehemu ya meza zitengwe kwa wanaotoka wilayani, ambao wakifika hukuta wenyeji wamekwisha kujaza mlango. Shughuli ikiahirishwa, ushuru uliolipwa uhamie tarehe mpya bila mtu kudaiwa tena. Mtu wa Choma hawezi kurudishiwa nauli, lakini asilipie meza mara mbili.